Mgonjwa wa Figo na Damu Kidogo: Kwa Nini Juisi ya Bitiruti Haitamsaidia, na Kile Kitamsaidia

Kama kwenu kuna mtu wa figo, hii stori unaijua. Mathe anaenda dialisisi mara mbili kwa wiki. Anashuka mat pale stage ya Kahawa Wendani akiwa amechapa, na kabla afike keja ghorofa ya nne amesimama kwa ngazi mara tatu kutafuta pumzi. Karatasi ya labu inasema damu iko 7.4. Jioni hiyo hiyo jirani analeta jagi ya juisi ya bitiruti. Shangazi anapiga simu kutoka ushago, ati apewe terere na maini kila siku. Kaka mkubwa anaingia na chupa ya Ribena na pakiti mbili za maziwa.

Kila mtu ana roho safi. Ngori ni kwamba mathe hana shida ya chakula. Ana shida ya figo, na hiyo jagi inaweza kumpeleka wodi ya mahututi kabla imwongeze hata tone moja la damu.

Hapa tunakupangia mambo yote: kwa nini figo ikiharibika damu hupungua, vipimo gani uulizie, dawa zinafanya aje kazi, na makosa ambayo familia nyingi hufanya.

Figo na damu zinajuana wapi?

Wengi wetu tunajua figo ni ya kuchuja uchafu na kutengeneza mkojo. Hiyo ni kazi moja tu. Kazi nyingine ni kupima hewa ya oksijeni iliyo kwa damu. Figo ikiona oksijeni imepungua, inatoa homoni inayoitwa erithropoietini, au kwa kifupi EPO. Hiyo EPO inasafiri hadi kwenye uboho, ile kitu laini unafyonza ndani ya mfupa wa supu, na kuupa amri: tengeneza chembe nyekundu za damu.

Ndio maana wakimbiaji wetu hupiga kambi Iten, kama mita 2,400 juu ya bahari. Kule oksijeni ni kidogo, figo zinatoa EPO zaidi, damu inakuwa nzito, na msee akishuka chini anakimbia kama amewekwa injini mpya.

Na ndiyo, ni EPO ile ile unayosikia kwa habari za michezo. Iliyotengenezwa kwa maabara ndiyo ilipatikana kwa Rita Jeptoo mwaka 2014 na kwa Jemima Sumgong mwaka 2017, na wote wawili wakafungiwa. Kwa mwanariadha mwenye figo nzima hiyo ni udanganyifu. Kwa mathe wako ni kurudishiwa kile figo zake zilikuwa zikimpa bure.

Figo zikiharibika, iwe ni kwa sababu ya sukari, presha, au dawa za maumivu zilizomezwa miaka mingi bila kuuliza, EPO inapungua polepole. Uboho unangoja amri na amri haiji. Juu ya hiyo, chembe nyekundu ambazo kwa kawaida huishi kama siku 120 zinakufa mapema kwa mtu wa figo. Zinazokufa ni nyingi, zinazozaliwa ni chache. Hesabu hiyo haiwezi kusawazishwa na sahani ya mboga peke yake.

Upungufu huu huanza kuonekana figo zikifika hatua ya tatu kati ya tano, na unazidi kadiri zinavyoshuka. Kwa hivyo si lazima mtu awe kwa dialisisi ndio damu ianze kupungua. Kama buda wako ana sukari na ameambiwa figo "zimeanza kuchoka", hii inamhusu pia.

Utajuaje?

Dalili zenyewe ni za kawaida sana, na hapo ndipo watu hupotelea. Uchovu usioisha hata baada ya kulala. Kuhema ukipanda ngazi au ukivuka daraja la wapita njia pale Thika Road. Moyo kupiga mbio ukiwa umekaa tu. Kizunguzungu, kuhisi baridi wakati wengine wako sawa, kusahau vitu, macho na viganja kuwa vyeupe. Wengi huambiwa ni uzee, ama uvivu, ama stress. Ikiwa mtu ana ugonjwa wa figo, usikubali jibu hilo bila kipimo.

Kipimo cha kwanza ni hemogramu kamili. Ni kitu cha kawaida, hata hospitali ya Level 4 kama ile ya Ruiru inaweza kukifanya. Angalia mstari wa hemoglobini, kwa kifupi Hb. Mwanamume mzima akiwa chini ya 13, na mwanamke asiye mjamzito akiwa chini ya 12, huo ni upungufu wa damu.

Lakini Hb inakuambia tu damu ni kidogo. Haikuambii kwa nini. Kwa hivyo ulizia pia hivi:

Feritini. Hii inaonyesha akiba ya madini ya chuma mwilini. Ichukue kama pesa iliyo benki.

Ujazo wa transferini, ambao kwa karatasi huandikwa TSAT. Hii inaonyesha chuma kilicho barabarani kikielekea kwa uboho. Ni kama pesa iliyo mfukoni. Mtu wa figo anaweza kuwa na feritini nzuri lakini TSAT iko chini, yaani benki iko na doo lakini imefunga milango. Mara nyingi hiyo hutokana na uvimbe au maambukizi mwilini.

Vitamini B12 na foleti. Zikikosekana, chembe nyekundu hazikomai vizuri.

Daktari anaweza pia kuangalia malaria, minyoo, na choo kama kina damu. Mgonjwa wa figo ni binadamu kama wengine. Anaweza kuwa na kidonda cha tumbo kinachovuja damu pole pole huku kila mtu akilaumu figo.

Kuhusu jagi ya bitiruti

Turudi kwa jirani. Bitiruti, terere, managu, spinachi, ndizi, parachichi, viazi na nduma zote zina potasiamu. Figo nzima hutoa potasiamu ya ziada kwa mkojo. Figo mbovu haiwezi, kwa hivyo inabaki kwa damu. Potasiamu ikipanda sana, moyo unapoteza mdundo na unaweza kusimama ghafla. Mara nyingi hakuna onyo. Wengine husikia miguu imelegea tu. Ukichemsha bitiruti tatu ukazifanya juisi, umekunywa kwa dakika moja kile ambacho ungekula siku nzima.

Ribena na maziwa? Hiyo ni sukari, maji na fosforasi. Chuma cha maana hakimo. Kwa mtu wa dialisisi aliyepimiwa maji ya kunywa kwa siku, glasi mbili za hiyo mchanganyiko zinamaliza sehemu kubwa ya mgao wake. Kama ana sukari pia, umemwongezea shida ya pili.

Maini yana chuma kweli, hatukatai. Lakini yana fosforasi nyingi pia, na fosforasi ikijaa kwa damu ya mgonjwa wa figo inaharibu mifupa na mishipa. Kipande kidogo mara moja moja kinaweza kuwa sawa, kila siku ni hadithi nyingine.

Hii haimaanishi kila mgonjwa wa figo akatazwe mboga. Wengine potasiamu yao iko poa na wanahitaji mboga. Muulize mtaalamu wa lishe kwenye kliniki ukiwa na matokeo mapya ya potasiamu na fosforasi mkononi. Mboga ikiruhusiwa, atakuonyesha jinsi ya kuikata, kuichemsha kwa maji mengi na kuyamwaga hayo maji. Ile supu ya mboga tunayopenda kunywa ndiyo imebeba potasiamu.

Dawa za kienyeji za "kuongeza damu" zinazouzwa kwa chupa za soda bila lebo, hizo weka mbali kabisa. Hakuna anayejua kilicho ndani, na figo iliyobaki ndiyo italipa.

Hatua ya kwanza: chuma

Kabla ya EPO daktari huhakikisha kuna chuma cha kutosha. Sababu ni rahisi. EPO ni fundi, chuma ni mawe. Ukileta fundi kwa ploti isiyo na mawe, unamlipa akae chini ya mti.

Kwa mtu ambaye hajafika dialisisi, vidonge vya chuma vinaweza kujaribiwa kwanza. Vinafanya choo kiwe cheusi na wakati mwingine kigumu, usishtuke. Ila kuna mtego hapa: chai. Chai yetu ya majani inazuia chuma kuingia mwilini, na maziwa pia, na vidonge vya kalsiamu ambavyo wagonjwa wengi wa figo hupewa. Mtu akimeza kidonge cha chuma na kikombe cha chai ya saa nne, karibu amekitupa. Acha angalau saa moja au mbili katikati, na umeze na maji.

Kwa walio kwenye dialisisi, kwa kawaida chuma huwekwa kwa mshipa, mara nyingi wakiwa papo hapo kwenye mashine. Kila safari ya dialisisi huacha damu kidogo kwenye mipira na kichujio, na damu nyingine huenda kwa vipimo. Ukijumlisha mwaka mzima, ni chuma kingi kimepotea, na vidonge haviwezi kukimbizana na hasara hiyo. Utafiti wa Uingereza uliochapishwa mwaka 2019, wenye wagonjwa 2,141 wa dialisisi, uligundua kwamba waliowekewa chuma kwa mshipa kila mwezi bila kungoja kipungue walihitaji EPO kidogo, na vifo na matatizo makubwa ya moyo yalikuwa machache kwao.

Kama mgonjwa ana homa au maambukizi yanayoendelea, mwambie nesi kabla ya chuma kuwekwa. Mara nyingi husubiriwa hadi apone, kwa sababu bakteria nao wanapenda chuma.

Hatua ya pili: sindano ya EPO

Dawa hii ina historia yake. Mwaka 1977 mwanasayansi Mmarekani Eugene Goldwasser na wenzake walifanikiwa kuisafisha homoni hii kutoka kwa lita 2,550 za mkojo uliokusanywa Japani kwa wagonjwa wa aina nyingine ya upungufu wa damu. Mwaka 1989 iliidhinishwa Marekani kama dawa. Kabla ya hapo wagonjwa wengi wa dialisisi waliishi kwa kuongezewa damu kila mara.

Leo zipo aina kadhaa. Epoetini hudungwa mara moja hadi tatu kwa wiki. Darbepoetini hukaa zaidi mwilini, hudungwa kila wiki moja au mbili. Nyingine ni ya mara moja kwa mwezi. Dozi hupangwa kwa uzito wa mgonjwa na Hb yake, kwa hivyo usichukue dozi ya mgonjwa wa kiti cha pili ukaipeleka kwa wako.

Kwa mtu wa dialisisi, mwongozo wa kimataifa wa KDIGO wa mwaka 2012 ulishauri kuanza Hb ikiwa kati ya 9 na 10, ili isishuke chini ya 9. Kwa ambaye hajafika dialisisi, daktari anaamua kwa kuangalia dalili na kasi ya kushuka.

Sasa sikiza hapa vizuri. Lengo si kufika 14 kama mkimbiaji. Kwa wengi lengo ni kama 10 hadi 11.5, na dawa haipaswi kusukuma Hb kupita 13. Utafiti uliotoka mwaka 2009 ulifuata watu 4,038 wenye sukari, ugonjwa wa figo na damu kidogo. Waliodungwa darbepoetini kwa lengo la kufika 13 walipata kiharusi asilimia 5.0, dhidi ya asilimia 2.6 ya waliopewa sindano isiyo na dawa. Karibu mara mbili. Kwa hivyo daktari akikuambia "10.8 iko fiti, tunakaa hapo", hakunyimi dawa. Anamlinda mtu wako.

Kasi pia ni muhimu. Hb ikipanda zaidi ya 2 ndani ya wiki 4, dozi hupunguzwa. Na presha ipimwe kila mara, kwa sababu EPO inaweza kuipandisha. Mgonjwa mwenye historia ya kiharusi au saratani lazima aseme kabla ya kuanza.

Ukipewa sindano za kupeleka nyumbani, jua zinataka baridi ya nyuzi 2 hadi 8. Zisigande, zisitikiswe. Kama unatoka kemisti ya tao na jam ya Thika Road inakungoja, beba kwa kijikasha chenye pakiti ya barafu, lakini dawa isiguse barafu moja kwa moja. Kwa friji iweke katikati, si kwa mlango, wala karibu na frizi. Stima ikipotea usiku kucha, piga simu kitengo cha figo uulize kabla ya kudunga. Dawa iliyoharibika kwa joto haibadiliki rangi ili ujue.

Sindano imekataa kufanya kazi?

Hii hutokea. Kabla uamue ni dawa feki, angalia haya. Chuma kimeisha? Ana maambukizi, hasa pale mpira wa dialisisi unaingilia shingoni au kifuani? Amekosa siku za dialisisi kwa sababu ya nauli au kadi ya bima kugoma? Uchafu ukijaa kwa damu, uboho unazembea. Kuna damu inapotea tumboni? Anameza diklofenaki au ibuprofeni kwa maumivu ya mgongo? Hizo zinachoma tumbo likatoa damu na bado zinaua figo iliyobaki, hasara mara mbili.

Kuna kizazi kipya cha dawa za kumeza, kama roksadustati na daprodustati, zinazouhadaa mwili ufikiri oksijeni imepungua ndio utoe EPO yake wenyewe. Sayansi iliyo nyuma yake ilishinda Tuzo ya Nobel mwaka 2019. Kama mtu wako anaogopa sindano, muulize daktari wa figo kama zinamfaa. Usiziagize mtandaoni mwenyewe.

Kwa nini wasimwongezee damu tu?

Ndilo swali la kila familia, na linaeleweka. Damu ya chupa inafanya kazi siku hiyo hiyo. Kuna wakati ni lazima: anavuja damu, kifua kinauma, hawezi kupumua, au Hb imeanguka vibaya. Hapo msikatae.

Lakini ikigeuka kuwa tabia ya kila mwezi, kuna bei. Kila chupa ina chembe za mtu mwingine, na mwili unaweza kutengeneza kingamwili dhidi yake. Siku dada yake akijitolea kumpa figo, vipimo vinaweza kukataa kwa sababu ya kingamwili hizo. Kama mna mpango wa kupandikiza, hata wa mbali, sema kabla damu haijawekwa. Damu pia huingia na maji na potasiamu, kwa hivyo kwa mtu wa dialisisi mara nyingi huongezwa akiwa kwenye mashine.

Kwa watu wa Wendani na karibu

Vitengo vya figo vilivyo kwenye njia yako ni pamoja na kile cha Hospitali ya Rufaa ya Chuo Kikuu cha Kenyatta, KUTRRH, pale karibu na Northern Bypass, na kile cha Thika Level 5 ukipanda na Thika Road. Tangu tarehe 1 Oktoba 2024 NHIF iliondoka na SHA ikaingia. Hakikisha mgonjwa amesajiliwa na michango haijakwama, unaweza kucheki kwa *147#. Kisha uliza swali ambalo wengi husahau: hii bima inalipia sindano ya EPO na chuma cha mshipa hapa, ama ni mashine tu? Jibu hilo ulijue mwanzo wa mwezi, si siku sindano imeisha.

Nunua daftari ndogo ya shule. Kila mwezi andika tarehe, Hb, feritini, TSAT, potasiamu, presha, dozi ya EPO, na kama aliongezewa damu. Akipelekwa hospitali nyingine usiku, daktari ambaye hajawahi kumwona atajua pa kuanzia.

Mkimbize hospitali bila kungoja kliniki ukiona kifua kinauma, hawezi kupumua akilala chali, amezimia, anaongea vitu havieleweki, mkono au mdomo umelegea upande mmoja, miguu imekosa nguvu ghafla, au choo ni cheusi kama lami na hamezi vidonge vya chuma.

Na jirani akigonga mlango na jagi yake, mpokee vizuri, mkaribishe chai. Hiyo juisi wanywe watoto. Mathe mwekee glasi yake ya maji aliyopimiwa, na umuulize kama leo amedungwa.